Mililita tatu zimekwenda wapi?

Pima maji mililita 50, pima spiriti mililita 50, kisha changanya. Silinda itasoma 96 au 97, haitafika 100. Ningeanzia hapo kufundisha nadharia ya chembe, yaani kwamba kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno zenye nafasi katikati, badala ya ule mchoro wa visanduku vitatu vyenye vidoti (yabisi, kimiminika na gesi) ambao kila mwanafunzi anaukariri na kuusahau mtihani ukiisha.

Mwanafunzi mjanja atakwambia: "Mwalimu, nyingine imebaki kwenye silinda uliyomimina." Ana haki ya kusema hivyo, maana kioo kilicholowa hubaki na matone. Kwa hiyo tangulia kuchanganya maji 50 na maji 50, usome unachopata. Kama ni 99.5, basi nusu mililita ndiyo inayopotea njiani, na kinachozidi hapo kina sababu nyingine.

Njia safi zaidi haina kumimina mara ya pili. Tafuta mrija mwembamba unaoonekana ndani, wa urefu wa kama mita 1, ulioziba upande mmoja. Jaza nusu maji yenye rangi ya chakula. Inamisha mrija, uteremshe spiriti polepole ukutani ili ielee juu ya maji, mpaka karibu ya kujaa. Tia alama kwenye usawa wake. Ziba kwa kizibo, pindua mara tano au sita, kisha usimamishe. Safu itakuwa imeshuka kama sentimita 3, na hakuna tone lililotoka.

Usikimbilie kusoma. Mchanganyiko huo hupata joto, utalisikia ukishika mrija, na kimiminika chenye joto hutanuka na kuficha sehemu ya upungufu. Subiri dakika 15 hadi 20. Utaona pia viputo vidogo: ni hewa iliyokuwa imeyeyuka humo ikitoka, haijatengenezwa na mchanganyiko. Kosa lingine ni spiriti yenyewe. Soma lebo. Ya asilimia 70 tayari imetiwa maji kiwandani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kusinyaa imeshatokea; tumia ya asilimia 90 na zaidi. Na jiko liwe mbali, moto wa spiriti hauonekani vizuri mchana.

Walimu wengi hueleza jambo hili kwa maharage na mchanga: kikombe kimoja kwa kimoja, ukitikisa hupati vikombe viwili, kwa sababu mchanga umeingia kwenye nafasi za maharage. Mfano mzuri, ila usiukaze sana. Molekuli, yaani chembe, za maji na za spiriti huvutana pia, na mvutano huo ndio unaozipanga upya zikae kwa kubanana zaidi. Ziko jozi za vimiminika ambazo zikichanganywa ujazo huongezeka, na maharage hayawezi kukueleza hilo.

Kuonyesha kwamba chembe za gesi zimeachana kuliko za kimiminika, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano linatosha. Vuta hewa hadi 20, ziba ncha kwa kidole, sukuma: pistoni itaingia, na ukiachia itarudi. Sasa weka maji. Yakionekana kubonyea, bombani kuna kiputo. Elekeza ncha juu, gonga kwa ukucha mpaka kiputo kipande juu, kitoe kama muuguzi anavyofanya kabla ya kuchoma, kisha rudia. Safari hii kidole ndicho kitakachoshindwa.

Jaribio linalodanganya watu kuliko yote ni la pamanganeti ya potasiamu, ile chumvi ya zambarau. Punje moja inatupwa kwenye glasi ya maji, rangi ya zambarau inatapakaa kwa dakika chache, darasa linaambiwa "huo ndio mtawanyiko," yaani chembe kusambaa zenyewe kwa mjongeo wao. Kwa kiasi kikubwa siyo. Rangi imebebwa na mikondo: maji uliyoyatikisa wakati wa kumimina, punje ilivyochora njia ikizama, na kwenye maji ya moto, joto linalopandisha maji na kuyashusha. Mtawanyiko wenyewe ndani ya maji ni wa kobe. Chembe kusogea sentimita 1 kwa mjongeo wake tu huchukua takriban saa 10, na sentimita 2 haichukui saa 20 bali 40, kwa kuwa muda hukua kwa mraba wa umbali. Ukitaka kuuona, yagandishe maji kwa jelatini kwanza. Mikondo haipiti kwenye jeli. Weka punje katikati, pima upana wa doa asubuhi na jioni.

Halafu kuna swali la sufuria. Yale mapovu makubwa ya maji yanayochemka yana nini ndani? Majibu utakayoyapata ni hewa, au haidrojeni na oksijeni. Hewa hutoka mapema, maji yakianza kupata moto, kwa viputo vidogo vinavyonata ukutani. Mapovu ya kuchemka ni maji yaleyale, molekuli zilezile zisizovunjika, zimeachana tu. Gramu 18 za maji, kama vijiko vidogo vitatu na nusu, zikiwa mvuke wa nyuzi 100 hujaza takriban lita 30. Ni zaidi ya mara 1,600, lakini kwa kila upande umbali kati ya molekuli na jirani yake umekua karibu mara 12 tu. Molekuli yenyewe haikutanuka hata kidogo. Na ukiulizwa katikati ya molekuli hizo kuna nini, usiseme hewa, kwa sababu hewa nayo ni chembe. Hapana kitu.