Jumamosi za shilingi elfu kumi na tano

Usiku wangu wa tatu Kampala nilipanda bodaboda kutoka mjini hadi hosteli yetu Kikoni, nyuma ya Makerere. Nilipouliza bei, yule kijana akasema, "Nkumi ssatu." Mimi mtoto wa Tanga nikasikia kumi na tatu. Nikatoa elfu kumi, nikatafuta na elfu tatu kwenye pochi, nikampa. Alizitazama zile noti kama mtu aliyeokota. "Webale nnyo, nnyabo," akasema, na kabla sijafika getini hata taa yake ya nyuma sikuiona tena.

Ilikuwa Agosti 2023. Mwenzangu wa chumba, mwanamke wa Bukavu, Kongo, anayenizidi miaka mitano hivi, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Nkumi ssatu ni elfu tatu. Kwa Kiganda kkumi ni kumi kama yetu, ila lukumi ni elfu moja, na wingi wake ni nkumi. Wabantu sote, lakini ukoo huu una mitego yake.

Huyo mwenzangu aliniambia nimwite Yaya. Nikasita, maana kwetu yaya ni yule anayelea watoto wa watu kwa mshahara. Kwao Bukavu ni dada au kaka mkubwa, na ni neno la heshima. Basi nikamwita Yaya, naye akanichukulia kama mdogo wake kweli, kwa maana ya kunigombeza. "Mudogo, batakumaliza franga," yaani pesa, alisema usiku ule, huku bado anajifuta machozi ya kicheko.

Na kweli nilimalizika. Kwetu posho ni pesa ya kujikimu; Kampala posho ni ugali. Mwezi wa kwanza posho yangu iliishia kuwa posho. Kaka yangu alikuwa ananitumia pesa kila mwisho wa mwezi, na ukishatoa kodi ya hosteli na nakala za masomo kilichobaki kilikuwa kidogo, nami nilikitumia kama mtalii: chipsi kuku kwenye maduka makubwa, aiskrimu, bodaboda hata kwa safari ya dakika kumi kwa miguu. Kufika tarehe ishirini nilikuwa nakula kikomando mchana na usiku. Kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage. Si kibaya. Ila ukikila siku tisa mfululizo, unaanza kuelewa kwa nini wamekipa jina la kijeshi.

Yaya ndiye aliyeleta wazo la Jumamosi. Kila mmoja aweke shilingi elfu kumi na tano, za Uganda, kwenye kijipochi. Pesa nyingine zote zibaki chumbani, na namba ya siri ya simu kila mtu aisahau mpaka Jumapili. Siku nyingine tule hosteli. Jumamosi ni mtoko, na mtoko una sharti moja: kilima kimoja, kwa miguu kadiri inavyowezekana, na chakula cha chini ya kilima hicho. Kampala inajulikana kwa vilima saba. Kuvihesabu ndiyo kazi. Ukimuuliza mwalimu wetu anakutajia Makerere na Nakasero. Ukimuuliza mama wa matunda pale Wandegeya anavitoa hivyo viwili, anaweka Kasubi na Nsambya. Mpaka leo hatujapata orodha mbili zinazofanana, kwa hiyo vilima vyetu saba vimeshakuwa tisa.

Kabla ya kilima chochote, Yaya alinifundisha namba. Bitaano ni mia tano, lukumi elfu, lukumi mu bitaano elfu moja na mia tano. Halafu "ssente mmeka?" ya kuuliza bei na "salako, ssebo" ya kuomba punguzo. Maneno hayo yaliniokolea pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza mwaka ule. Mengine niliyapata kwenye vibanda vya video. Unalipa lukumi, unakaa kwenye benchi gizani, na mtafsiri anazungumza Kiganda juu ya filamu ya Marekani au ya Wahindi. Hatafsiri tu, anamtania jambazi, anamshauri binti asiolewe, anampa shujaa jina la mtaani. Wengi mle ndani ni wanaume, nasi tulikwenda wawili, mchana tu. Matusi ya Kiganda ninayoyajua nimeyatoa huko. Sitayaandika.

Kiswahili changu nacho kilikuwa na vituko vyake. Mara ya kwanza kununua rolex Wandegeya nilisema, kwa adabu zote za Tanga, "Shikamoo kaka, naomba yenye mayai mawili." Yule muuzaji akanyooka, akapiga saluti na kisu cha vitunguu: "Ndiyo, afande!" Foleni nzima ikacheka. Baadaye nikaelewa. Kwa miaka mingi watu wa Kampala walikisikia Kiswahili kwa askari, na enzi za Amin aliyekizungumza mara nyingi alikuwa na bunduki begani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni ya kwenye makaratasi. Pale Wandegeya mimi bado ni afande, na sasa hivi afande anaongezewa nyanya bila kuomba.

Rolex yenyewe, kwa aliyeko nyumbani asiyeijua: mayai yanapigwa kikombeni pamoja na kitunguu, nyanya na kabeji, yanakaangwa kwenye bamba la chuma juu ya mkaa, chapati inalazwa juu yake, vyote vinaviringishwa kama mkeka. Jina limetokana na Kiingereza cha mayai yaliyoviringishwa, wala halihusiani na saa. Nilikuja na imani kwamba hakuna kitakachoishinda chipsi mayai ya barabara ya kwetu. Sasa nasema zinatoshana, na nyumbani naomba wasisome hapa.

Kilima cha kwanza kilikuwa Old Kampala, palipokuwa na ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, mwaka 1890, na ambapo leo upo ule msikiti mkubwa uliojengwa kwa fedha za Gaddafi. Mimi niliingia kuswali adhuhuri. Yaya, ambaye ni Mkatoliki, alipewa kitambaa cha kujifunika akakaa nyuma akitazama zulia. Halafu tukakata tiketi ya kupanda mnara. Ngazi zinazunguka na kuzunguka. Nilianza kuzihesabu, nikafika mia na kitu, pumzi ikaniambia niache. Juu kabisa mji wote upo miguuni mwako, na barabara zinatoka pale kama mistari ya kiganja. Tuliviona vilima vingine vyote: Namirembe na kanisa lake la matofali mekundu, Rubaga na minara yake miwili, Kibuli kwa mbali. Yaya akavinyooshea kidole kimoja kimoja: kile wiki ijayo, kile inayofuata.

Kushuka, mvua ilitukuta kabla hatujafika Old Taxi Park. Mvua ya Kampala haina salamu. Tulisimama kwenye baraza la duka la vitambaa saa mbili nzima, maji mekundu yakipita barabarani yamebeba chupa na ndala, na bodaboda wakapandisha bei mara tatu. Siku ile ile ya kwanza tulivunja sharti: tulilipa. Chakula cha jioni kikawa ndizi moja ya gonja ya kuchoma, tukagawana.

Mengo ndiyo nilipenda kuliko vyote. Kuna barabara iliyonyooka kutoka Bulange, lilipo bunge la Buganda, hadi jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, nayo inaitwa Kabakanjagala, yaani Kabaka ananipenda. Katikati ya njia kuna mzunguko, na ndani ya mzunguko kuna lango. Watu wote huzunguka. Kabaka peke yake ndiye anayepita katikati, moja kwa moja. Bodaboda, taxi, malori, wote wanaizunguka njia ya mtu mmoja ambaye mara nyingi hayupo. Nilikaa pale kwenye kivuli nusu saa nikitazama, Yaya akaninunia kwa sababu ya njaa.

Chini ya Mengo ndipo nilipojifunza kuagiza chakula. Unakaa, mhudumu anakuuliza, "Enva ki?" Mboga gani? Kwa Waganda chakula, emmere, ni matoke, posho, wali, viazi vitamu, muhogo, boga na majimbi, na sahani inajazwa hivyo vyote kwa pamoja mpaka inakuwa kilima cha kumi. Bei inategemea mchuzi. Ukichukua kuku umekwisha. Ukichukua maharage au mchuzi wa karanga, unakula kilima kile kile kwa nusu ya bei au chini yake. Mimi niliyezoea nazi niliutazama ule mchuzi wa karanga, rangi ya zambarau iliyopauka, nikausogeza pembeni. Nilipouonja juu ya matoke ya moto nikausogeza tena, safari hii upande wangu. Tangu siku hiyo Jumamosi yetu ina hesabu hii: elfu mbili za taxi kwenda na kurudi, elfu tano za emmere kwa mchuzi wa karanga, elfu tatu za kiingilio kama kipo, na zinazobaki ni za matunda au kibanda. (Taxi, mjue, ni daladala. Gari dogo la kukodi linaitwa special, na hilo ni la wenye harusi.)

Rubaga na Namirembe tulizimaliza siku moja, ziko jirani, na siwezi kusema mengi zaidi ya kwamba miguu iliniuma. Kibuli nilikwenda Idd, kwenye kilima ambacho ardhi yake ya msikiti ilitolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Mzee mmoja aliposikia matamshi yangu aliniuliza kama natoka pwani, akanisimulia kwamba Uislamu waliuleta Buganda wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, tangu enzi za Kabaka Ssuuna. "Nyinyi ni wageni wa zamani," akasema. Halafu akanipa sahani ya pilau. Haikuwa na viungo vya kutosha, Mungu anisamehe, lakini nilikula yote.

Makerere wenyewe tuliuacha kwa sababu tunaishi pale. Makosa. Jengo kuu lilikuwa limefunikwa mabati ya mafundi tangu paa lilipoungua Septemba 2020, na mimi nilipita mbele yake mwaka mzima bila kuinua macho. Lilipofunguliwa tena Oktoba 2024 tukaenda kama wageni, tukakaa kwenye nyasi na parachichi na chumvi. Mwalimu Nyerere alisoma kwenye kilima hiki miaka ya 1940. Nilimwambia Yaya; akauliza kama naye alikula kikomando. Juu yetu mitini walikuwepo wale kalooli, ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, warefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Usikae chini yao. Nasema kwa uzoefu.

Jumamosi za mvua tunakwenda makumbusho ya taifa, Kamwokya, yaliyoanzishwa mwaka 1908. Ukumbi wa ngoma na zeze unatosha mchana mzima. Mitihani ikikaribia tunakwenda hekalu la Wabahai, kilima cha Kikaaya, lililozinduliwa mwaka 1961. Kuingia ni bure, nyasi zimekatwa vizuri, na kuna ukimya ambao Kikoni hatuujui. Huko sijasoma hata mara moja ukurasa wa pili kabla sijalala.

Novemba ile ya kwanza zilikuja nsenene. Usiku wanawasha taa kali juu ya mabati, wale panzi wa kijani wanakuja wenyewe, wanateleza wanaanguka kwenye mapipa. Sokoni Nakasero wanawake wanakaa wakiwang'oa mabawa na miguu kwa kasi ya mashine. Yaya alikataa kata kata. Mimi, niliyekataa mchuzi wa karanga kwa rangi tu, nilinunua kikombe, zimekaangwa na kitunguu. Zina ladha ya kitu kati ya dagaa na karanga. Nikafanya kosa la kumpigia mama.

"Umekula nini?"

"Panzi, mama. Ni halali."

Kimya. Halafu: "Kaka yako hakutumii pesa?"

Mwezi uliofuata kaka aliongeza elfu hamsini za Tanzania. Sikukanusha.

Sasa tuna ugomvi. Kimebaki Nsambya, ila Yaya amechoka na vilima, anataka ziwa. Anataka Ggaba, ufukweni, mahali unapochagua samaki anakaangwa mzima mbele yako. Nimempigia hesabu: taxi mbili kwenda, mbili kurudi, na sato wa maana hatoki kwenye elfu kumi na tano ya mtu mmoja. Tumekubaliana tununue mmoja, tugawane. Tatizo ni kwamba mimi nimekulia baharini na yeye amekulia Ziwa Kivu, na sote wawili tunataka kichwa.