Mlakasa wa Bagamoyo mezani kwangu Ujiji

Reli kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, na mlakasa, mmea mtambaazi wa fukweni, uliokuja na mpwa wangu ulizisafiri zote ndani ya ndoo ya plastiki. "Mjomba, hiki chakula cha mbuzi umekitaka cha nini?" aliniuliza. Ndoo ilikuwa imeshaanza kunuka.

Nilimwagiza mwenyewe. Rafiki yangu anayesoma India alikuwa amenitumia picha za mlakasa wa huko, majani yamepasuka nchani hadi ndani, ukwato wa mbuzi mtupu. Ndiyo maana unaitwa Ipomoea pes-caprae, yaani mguu wa mbuzi. Una nususpishi mbili, yaani aina ndogo ndani ya spishi moja: pes-caprae, ya pwani za Bahari ya Hindi hasa upande wa kaskazini, kama India, na brasiliensis, iliyoenea fukwe za joto karibu dunia nzima, kwa kuwa mbegu zake huelea baharini. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753 aliziandika kama spishi mbili kabisa. Mimi nilitaka kuona tofauti kwa macho yangu.

Jani la kwanza nililochomoa halikuwa na mpasuko wowote. Duara tu. La pili lilikuwa na kibonde kidogo, la tatu kikubwa zaidi, na yote yametoka kwenye mtambaazi mmoja! Usiku ule niliamini mpwa wangu amechanganya mimea miwili, na nilimsema bure, maskini.

Kosa lilikuwa langu. Majani machanga ya mlakasa mara nyingi hayajagawanyika, nami nilikuwa nakata ovyo, ya nchani na ya shinani pamoja. Nikaanza upya: majani yaliyokomaa tu, kumi, nikayakunja kila moja kwa urefu kufuata mshipa wa kati, nikapima kwa rula kina cha mpasuko dhidi ya urefu wa jani zima. Ya Bagamoyo yakaonyesha kibonde kifupi, kipana, na jani lenyewe nene la mviringo. Yale ya kwenye picha yamekatwa mno, kila upande umesimama peke yake. Basi, wangu ni brasiliensis, na ndiyo inayoandikwa kwa Afrika Mashariki.

Maua hayakunisaidia hata kidogo. Yana umbo la tarumbeta, rangi ya zambarau inayokaribia waridi, sawa kwa zote mbili, na ya kwangu yalifika yamesinyaa kama karatasi ya sigara.

Kukausha majani ili niyahifadhi ndiko kulikonitoa jasho. Majani haya yana maji na utomvu mweupe, na Kigoma ilikuwa masika. Gazeti la jana lilikuwa limeota ukungu asubuhi. Nikawa nabadilisha magazeti kila siku, juu nimelaza mawe mawili ya ziwani na kamusi. Jirani aliyeleta dagaa akayaona, akasema angalau dagaa wake hukauka kwa siku moja.