Alisema nimsitiri

Ilikuwa siku ya nne tangu shangazi atoke hospitali. Mshono wa tumbo ulikuwa bado mbichi, hawezi kuinama wala kujigeuza, na ubavuni mwa kitanda ulining'inia mfuko wa mkojo, mpira wake ukipita chini ya shuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza. Nilikuwa na miaka 22, nimeshaanza kazi ya kusahihisha miswada, na nikiamini kwamba Kiswahili nakijua.

Mchana tukasikia hodi. Alikuwa rafiki yake wa tangu usichana, sauti yake haikosewi. Shangazi akanitazama, akashusha macho kwenye ule mfuko, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, nisitiri."

Nikatoka mbio. Nikaufunga mlango wa chumba, nikamwambia mgeni kwamba shangazi amepelekwa kliniki na hatarudi mpaka jioni. Alinitazama kitambo, akaacha salamu, akaondoka. Nikarudi chumbani moyo umetulia. Siri nimeitunza.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, shangazi. Nimemwambia haupo."

Aliugeuza uso wake ukutani. Nilidhani amelala. Kisha akasema, polepole, bila kunitazama:

"Nilikuambia unisitiri. Sikukuambia unifiche."

Sikuelewa. Nikauliza kwani nilipaswa kufanya nini, naye akanyoosha mkono kadiri mshono ulivyomruhusu, akashika pindo la shuka. Lilikuwa limekunjwa chini ya godoro. Akalivuta mara moja, likakwama, mkono ukaanguka. Hapo ndipo nikaona. Alitaka lile pindo lishuke shibiri mbili tu, lifunike mfuko, kisha mgeni akaribishwe aketi. Siku nne hakuwa ameongea na mtu wa rika lake.

Usiku ule sikulala vizuri. Aibu ilikuwepo, lakini zaidi nilishangaa kwamba maneno mawili niliyokuwa nikiyabadilishana kwenye miswada, nikidhani ni yale yale, yalikuwa yamenitenganisha na mtu ninayempenda. Nikaanza kuyapima moja moja kichwani.

Kuficha ni neno letu la kale, la Kibantu, na lina kinyume chake ndani yake: kilichofichwa hufichuliwa. Yaani anayeficha anajua kuna mtu anayetafuta. Ndiyo maana methali haziioni kazi hiyo kwa jicho zuri: mficha maradhi kifo humuumbua. Sitiri lilikuja na Kiarabu, kwenye mzizi wa kufunika, na hakuna mtu anayesema "sitirua". Mavazi yanamsitiri mtu, lakini hakuna asiyejua kwamba ndani mna mwili. Hata mtu akiulizwa hali ya maisha akajibu kwamba anasitirika, hadanganyi kuwa ni tajiri. Anasema tu kwamba uhitaji wake haujatoka nje. Na katika dua tunamwomba Mungu atusitiri, ingawa yeye ndiye anayeona yote. Nadhani hapo ndipo penye tofauti yenyewe: anayekusitiri amekwisha kuona, na hajaondoka.

Nikafikiria na mengine. Siri ni kitu chenyewe kinachotunzwa, na msiri ni yule unayemwekea. Faragha, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu inagusa hali ya kutokuwa na kitu ndani, ni ile nafasi isiyo na watu. Shangazi hakuitaka, alikuwa nayo ya kumtosha na kuzidi. Kinyemela ni mwendo wa anayevizia. Hadhari ni ya mtu anayejiogopea, na hiyo, nikisema kweli, ndiyo iliyonisukuma mlangoni: nilihofia nitaonekana nimeshindwa kumtunza. Staha ingenirudisha ndani, kwake, nimtazame anatazama wapi. Alikuwa amenionyesha kwa macho.

Asubuhi nilimpigia simu yule mama. Nikamwambia shangazi hakwenda kliniki, nilisema uongo, naomba aniwie radhi. Alinyamaza, halafu akasema, "Nilimsikia akikohoa, mwanangu. Nikasema labda hanitaki." Neno lile liliniuma kuliko la shangazi. Nikamwomba aje siku ile ile, na akaja.

Safari hii niliposikia hodi sikukimbilia mlango. Nilichomoa pindo la shuka chini ya godoro, nikalishusha mpaka karibu na sakafu, nikalinyoosha mikunjo. Nikasogeza kiti upande wa pili wa kitanda, ule usio na mpira. Shangazi alifuatilia mikono yangu kwa macho, hakusema kitu, akajiweka sawa upande wa ushungi.

Mgeni aliingia, akaketi kwenye kile kiti, akamshika mkono. Waliongea kwa muda wa karibu saa 2. Katikati ya maongezi niliona macho yake yakiteleza hadi kwenye lile pindo lililoshuka kupita kiasi, yakakaa pale kidogo. Kisha akamrudia rafiki yake usoni na kumuuliza habari za watoto. Alipoinuka kuaga, upindo ulikuwa umepanda kidogo pembeni. Akauvuta chini kwa vidole viwili, kama mtu anayetandika tu, huku bado anaongea.