Leo nimekata mgomba nikakuta mkungu ndani

Wadau, bado hii kitu inaniuma.

Baridi ya hii Julai huku Kahawa West imechoma majani ya migomba yangu mpaka yamekuwa ya kahawia, na nikakumbuka binamu yangu wa Uingereza aliniambia huko kabla ya winta wanakata mgomba wanafunika na nyasi kavu, kwa sababu barafu itaua majani yote. Si nikashika panga.

Wa tatu ndio ulikuwa mnene kabisa. Nikaupiga kiunoni.

Katikati ya zile ganda zimejiviringisha kama kitunguu, kitu cheupe, laini. Nikaipasua polepole.

Mkungu. Mzima, mdogo kama kidole changu, vichane vimejipanga tayari, ulikuwa tu njiani unapanda.

Shosho wa jirani alikuwa kwa fensi ananiangalia. Akacheka kwanza (vile shosho hucheka), alafu akasema, "Kijana, hiyo unaita shina ni majani yamekumbatiana. Shina lenyewe liko chini kwa mchanga. Ua linaanzia huko, linapanda ndani kwa ndani mpaka litokee juu. Na kila mgomba unazaa mara moja tu."

Miaka minne nakula ndizi za hapo na sikuwa najua!

Nimebaki na machipukizi matatu, na hiyo kitu nyeupe iko kwa sahani jikoni, nimeshindwa kuitupa.

Nyinyi mnajuaje mgomba umeshabeba ua ndani kabla litokee? Nifunzeni, panga nimeficha.