Kumi waliosimama mbali wakapaza sauti

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii iko Luka 17:11-19, wale watu kumi wenye ukoma, na najua wengi mkisikia tu hiyo sura mnajua tunakoelekea, ni yule mmoja aliyerudi kushukuru na wale tisa wako wapi, tumeihubiri hivo miaka na miaka hasa ikikaribia sadaka ya mavuno. Leo tusifike huko. Tubaki pale kwenye kuingia kijijini kabla hajapona mtu yeyote, manake hapo ndo nimekwama wiki nzima.

Kilichonikwamisha ni swali la kijana mmoja kwenye jumuiya. Tulikuwa tunapanga zamu za maombi ya pamoja, akauliza hivi kwani Mungu hasikii mtu akiomba mwenyewe chumbani kwake, si Yesu mwenyewe ndo kasema Mathayo 6 uingie chumba chako cha ndani ufunge mlango? Sasa hii ya kuitana usiku watu wametoka kazini, wamekaa foleni ya barabara ya Mandela masaa, wamechoka, inaongeza nini? Akajibiwa kwa ile ya walipo wawili au watatu, tukaimba, tukatawanyika. Jibu ni la kweli kabisa lkn lilitolewa haraka mno, lile swali lilikuwa linastahili kukaliwa kitako.

Sasa angalia Luka anavyosema. Wale kumi "wakasimama mbali, wakapaza sauti wakisema, Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu." Walisimama mbali sio kwa kukosa imani ya kusogea. Sheria ndo ilitaka hivo, soma Walawi 13:45-46, mwenye ukoma nguo zake zinararuliwa, nywele zinaachwa wazi, anafunika mdomo wake wa juu, anapiga kelele ni najisi, ni najisi, halafu anakaa peke yake nje ya kambi. Kufunika mdomo jamani! Kukaa mbali na watu! Na sisi tulidhani hayo mambo yameanza 2020.

Ila hawa watu hawakukubali kukaa mmoja mmoja. Wametengwa, sawa, lkn wametengwa wakiwa kumi, na ndani yao kuna Msamaria, na Yohana 4 inatuambia Wayahudi hawachangamani na Wasamaria. Wakiwa wazima wangepishana njiani bila salamu. Ugonjwa umewafanya jumuiya moja. Na kuna kitu kingine ambacho aliwahi kunieleza dada mmoja nesi, kwamba ukoma huu tunaoujua sisi ukikaa sana mwilini bila tiba unaweza kushika mpaka koo, sauti inakwaruza, mtu anaongea kama ananong'ona. Ukoma wa kwenye Biblia unahesabu magonjwa mengi ya ngozi kwahiyo siwezi kuapa, lkn nikiwawazia kumi pale barabarani naona wapo ambao sauti zilishaisha, walifungua tu midomo, na ile sauti iliyomfikia Yesu ilitoka kwa wenzao waliokuwa bado na nguvu ya kupiga kelele. Hakuna mstari unaosema wasiokuwa na sauti walibaki nje ya huruma. Walitakasika wote kumi.

Kwangu mimi hilo ndo jibu la yule kijana. Chumbani unaomba ukiwa na sauti. Ikiisha je?

Na sisi Dar tunajua inavyokuwa ikiisha. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, mnakumbuka. Ndoo za koki kila mlango wa duka, barakoa za vitenge, daladala levo siti konda analia hasara, Amana ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa korona, nyumba nzima zinanuka mwarobaini na mikaratusi watu wanajifukiza chini ya blanketi. Wenzetu Kenya na Uganda makanisa yakafungwa, yetu yakabaki wazi, na tarehe 17 mpaka 19 Aprili taifa likaitwa kwenye siku tatu za maombi, kila mtu kwa imani yake. Mimi sitawadharau walioomba siku zile, nami nilikuwemo. Halafu takwimu zikasimama, wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo hatukuhesabiwa tena kwa zaidi ya mwaka.

Kuhesabu kulipoisha na kutaja kukaisha, hapo ndo palikuwa pagumu zaidi. Mwanzoni mwa 2021 ilirudi kwa kasi, mitungi ya oksijeni ikawa inatafutwa kwa kupigiana simu, na ukisoma matangazo ya msiba unakuta nimonia, nimonia, changamoto ya upumuaji. Tarehe 17 Februari tukampoteza Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshasema wazi kuwa ana korona, na siku hiyohiyo Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi Machi Padre Charles Kitima, katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, akasimama mbele ya waandishi akasema ndani ya miezi miwili wameondokewa na mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60. Kwakweli nilimshukuru Mungu kwa ajili ya huyo padre, na mimi ni Mlutheri. Alifanya walichofanya wale kumi, alipaza sauti akataja. Manake mtu anayezika mume wake na haruhusiwi hata kusema kimemuua nini, faraja yake utaiweka wapi? Unamfariji kwa msiba upi?

Kwenye jumuiya yetu palikuwa na mama mmoja, mume wake alikuwa hospitali kwenye mtungi na yeye mwenyewe yuko nyumbani anakohoa, watoto wamepelekwa kwa shangazi yao. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, sasa wazee wetu wawili walikuwa wana sukari na presha, nani anawapeleka mle ndani? Ikabidi maombi yahamie kwenye grupu la WhatsApp saa tatu usiku, mmoja anasoma zaburi kwa voisi, mwingine anaomba, mwingine anaanzisha wimbo tunaumalizia kila mtu kwake, na mtandao unakata, na kuna mzee alikuwa anatuma voisi ndefu mpaka bando za watu zinaisha, Mungu amsamehe. Usiku mmoja na yule mama akatuma ya kwake. Ndani hakuna neno hata moja. Ni pumzi tu, anajaribu kuanza, anakohoa, anajaribu tena, inakatika. Hakuna aliyemwandikia kaza imani dada. Aliyekuwa zamu akarekodi akasema Baba umemsikia mwenzetu, sisi tunaendelea kwa niaba yake, na tukaendelea.

Mume wake hakurudi. Nalisema hili wazi kwa sababu zipo shuhuda nyingi zinazoishia na mgonjwa kuruhusiwa, na Mungu atukuzwe kwa hao walioruhusiwa, lkn tukizisimulia hizo peke yake tunamfanya yule mama aonekane kama alishindwa mtihani. Walikuwepo waliomwambia hivo, tena wa kanisani, kwamba kungekuwa na mfungo wa kweli baba angepona. Maneno ya namna hiyo mimi nayaita ukatili, hata yakisemwa na mtu mwenye Biblia mkononi. Baada ya mazishi, yaliyokuwa na watu wachache sana, jioni jumuiya ilikwenda kwake, hatukuingia, tulisimama nje ya geti upande wa pili wa barabara tumeachiana nafasi tukaimba, bodaboda zinapita katikati yetu na kimuziki cha baa ya jirani kinatushinda. Yeye alikaa kwenye dirisha. Baadae sana alikuja kutuambia kwamba kwa wiki nyingi hakuweza kuomba hata Baba Yetu, ila alikuwa anazifungulia zile voisi za zamani usiku akilala, akawa anasema amina tu mwishoni.

Paulo anamwita Mungu "Baba wa rehema, Mungu wa faraja yote, atufarijiye katika dhiki zetu zote," halafu anaendelea ili nasi tupate kuwafariji wale walio katika dhiki (2 Wakorintho 1:3-4). Huyo mama leo ndo wa kwanza kufika msibani jumuiya nzima. Hahubiri. Anakaa na mjane jikoni.

Niseme na hili la kinga na dawa, manake bado linatuchanganya. Yesu hakuwaambia wale kumi njooni niwashike. Aliwaambia enendeni mkajionyeshe kwa makuhani, na ukisoma Walawi 14 kuhani ndo alikuwa anatoka nje ya kambi kumkagua mgonjwa na kutangaza kwamba ni safi, ni kama idara ya afya ya wakati ule. Walitakasika wakiwa njiani kwenda kukaguliwa. Kwahiyo ile vita tuliyoianzisha Julai 2021, Rais Samia alipochanjwa mbele ya kamera tarehe 28 na nusu ya waumini wakaanza kuulizana kama kuchanjwa ni kukosa imani, sijui tuliitoa Biblia ipi. Baba yetu Luther mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg kule Ujerumani aliambiwa aondoke hakuondoka, mke wake Katharina akiwa mjamzito, nyumba yao ikajaa wagonjwa, na aliandika barua kwa mchungaji mmoja aliyemuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Alichosema kwa kifupi ni kwamba atamwomba Mungu amlinde, halafu atafukiza nyumba, atatoa dawa na kuinywa, ataepuka mahali ambako hahitajiki asije akawaambukiza wengine, lkn jirani yake akimhitaji ataenda. Huyo ni mtu wa karne ya 16 ambaye hata bakteria hamjui.

Na wenzetu Wakatoliki walioangalia laivu ile Ijumaa ya 27 Machi 2020 watakumbuka Papa Francis amesimama kwenye uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua inanyesha, uwanja mtupu, anasoma Marko 4, wanafunzi wanamwamsha Yesu kwenye dhoruba, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Uwanja ule ulikuwa mtupu kwa macho, lkn watu wa dunia nzima walikuwa wamesimama mbali wanaomba naye.

Saivi korona tunaisimulia kama hadithi, Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, na kabla hata ya hapo, Machi mwaka huohuo, homa ya virusi vya Marburg ilishatangazwa kwetu Kagera. Magonjwa yatakuja mengine. Mimi wasiwasi wangu uko kwa watu ambao bado wana msiba wa 2020 na 2021 tumboni, hawakuaga, hawakulia vizuri, wakaambiwa maisha yaendelee. Wapo kwenye benchi zetu kila Jumapili na wanavaa vizuri tu.

Kwahiyo wiki hii tuombe hivi, anayeongoza asome, wengine tuitikie Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu.

Kwa ajili ya waliozikwa na watu wachache, ambao hatukuwaona sura kwa mara ya mwisho, na watoto wao waliosikia habari kwa simu.
Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu.

Kwa ajili ya manesi, madaktari na wafanya usafi wa wodini waliokwenda kazini wakiogopa na wakarudi nyumbani wakiogopa zaidi, na wale ambao hawakurudi.
Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu.

Kwa ajili ya aliyefunga duka Kariakoo akashindwa kulifungua tena, mwalimu wa shule binafsi aliyekaa miezi bila mshahara, mama ntilie ambaye wateja wake waliisha siku moja.
Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu.

Kwa ajili ya aliyeambiwa imani yake ni ndogo. Umponye majeraha ya maneno yetu Bwana.
Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu.

Kwa ajili ya mwenzetu ambaye usiku wa leo hana sauti wala hamu ya kuomba, na hatumjui ni nani kati yetu. Tunakuomba kwa niaba yake, na wewe umjue.
Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu.

Amina.

Alhamisi jumuiya ni saa kumi na moja na nusu jioni, atakayepokea ni yule dada wa karibu na gereji, Tabata kule kule. Kila mtu aje na karatasi yenye jina la mtu wake aliyeondoka miaka ile, na kama anataka aandike na ugonjwa wenyewe, hakuna wa kumuuliza. Walioko mikoani watume voisi kabla ya saa kumi, na tafadhali ziwe fupi.