Kitunguu Kinacholia na Pilipili Yenye Hasira: Ninavyofuma Zawadi za Kuchekesha Huku Nikitafuta Kazi

Nafuma kroshia katika kipindi hiki cha kutafuta ajira kwa sababu moja ya kiufundi. Ukifuma sweta kwa sindano mbili, vitanzi vingi vinabaki wazi juu ya sindano. Ukiinuka kwa haraka vichache vikachomoka, mistari inafumuka. Kroshia, inayofumwa kwa sindano moja yenye ndoano, ina kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Simu ikilia napitisha pini ndani ya kitanzi hicho, naandika namba ya mzunguko kwenye daftari, naondoka. Mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili hajui kesho yake itakuwaje, hivyo anahitaji kazi inayokubali kukatizwa.

Zawadi za kuchekesha nazipendelea kuliko vitambaa vya makochi, ingawa vitambaa ndivyo wengi wetu tulivyoanza navyo. Seti ya vitambaa inachukua muda mrefu, na mteja anailinganisha na vile vya mashine vinavyouzwa dukani. Kitunguu kinachotoa chozi, kilichofumwa kwa ajili ya bibi harusi kwenye kitchen party, mteja hana pa kukilinganisha.

Nitaeleza viwili, kitunguu na pilipili, kwa vipimo ninavyotumia mwenyewe.

Uzi wangu ni wa akriliki wa unene wa kati, ule unaoandikiwa sindano ya milimita 4 kwenye karatasi yake. Mimi nautumia kwa sindano ya 2.5 au 3. Kwa mwanasesere wa kujazwa lazima sindano iwe ndogo kuliko inavyoshauriwa, kwa sababu ile ya 4 inaacha matundu na pamba inachungulia. Uzi wa pamba unaonyesha mishono vizuri zaidi na hauoti manyoya, lakini hauvutiki, hivyo unachosha kidole gumba mapema. Kabla ya kununua mabunda mawili ya rangi moja, soma namba ya mkupuo, yaani uzi uliotiwa rangi pamoja kwa mara moja, kwenye karatasi zake. Mikupuo miwili ya zambarau hiyohiyo inaweza kupishana, na tofauti itaonekana katikati ya tumbo la kitunguu.

Kujaza, natumia pamba laini ya polyesta, ya mito. Sufi ni nyepesi na ni mali yetu, lakini nyuzi zake zinateleza na kutokea kwenye mishono, na ikifuliwa inashikana mabonge. Vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani vinaacha manundu yanayoonekana nje.

Mshono mkuu ni singo: ingiza sindano, vuta uzi upate vitanzi viwili, kisha vuta uzi kupitia vyote viwili. Kuongeza ni kufuma singo mbili kwenye tundu moja. Kupunguza ni kuunganisha singo mbili kuwa moja, na hapo ingiza sindano kwenye nyuzi za mbele tu za zile singo mbili; ukishika nyuzi zote, panabaki kinundu na tundu kando yake.

Kitunguu kinaanzia chini, kwenye mizizi. Fuma cheni 2 (vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine kama mnyororo), kisha singo 6 ndani ya cheni ya kwanza. Wengi hupendelea duara la uzi linalokazwa kwa sababu haliachi tundu, lakini hapa hilo tundu dogo tunalihitaji kwa mizizi. Mzunguko wa 2, ongeza kila tundu, upate 12. Wa 3, singo 1 kisha ongeza, mara sita, upate 18. Wa 4, singo 1, ongeza, singo 1, mara sita, upate 24. Wa 5, singo 3 kisha ongeza, upate 30. Wa 6, singo 2, ongeza, singo 2, upate 36.

Angalia kwamba kwenye mzunguko wa 4 na wa 6 ongezeko limehamia katikati. Maongezeko yakipangana juu ya mengine mzunguko baada ya mzunguko, duara linatoka na pembe sita, na kitunguu kinakuwa kama nati ya bomba.

Mizunguko ya 7 hadi 12 ni singo 36 bila kuongeza. Wa 13, singo 4 kisha punguza, upate 30. Wa 14, singo 3 kisha punguza, upate 24. Simama hapo uweke uso, maana uwazi wa juu bado unapitisha vidole viwili. Kisha endelea 18, jaza, 12, jaza tena, 6, halafu mizunguko mitatu ya singo 6 ili kupata shingo. Kwa sindano ya 3 kinatoka na kipenyo cha sentimeta 6 hivi, sawa na kitunguu cha sokoni, na ukubwa huo halisi ni sehemu ya mzaha: mtu anatakiwa kukikuta kwenye kapu la mboga asitambue mara moja.

Weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye singo ya kwanza ya kila mzunguko na uihamishe unapopanda. Tunafuma kwa mzunguko usiofungwa, hivyo jicho haliwezi kuona mwanzo. Hesabu ikikosekana kwa singo moja kwenye mzunguko wa 5, upunguzaji wa juu hautagawanyika kwa sita na shingo itakaa upande. Hakikisha pia upande sahihi uko nje: unaonyesha herufi V ndogo zilizopangana, upande wa ndani una vistari vilivyolala. Ukigundua mapema kipindue tu, ukishajaza haipinduki.

Sasa uso, na hapa ndipo ninapotumia muda bila kujionea huruma, kwa sababu kichekesho chote kiko kwenye upana wa singo chache. Macho ni ya plastiki, milimita 8, yenye kishikizo cha nyuma. Yanakaa kati ya mzunguko wa 9 na wa 10 kuhesabia kutoka chini, yakiachana singo 6. Yakisogea juu hadi mzunguko wa 12, uso unakuwa wa mtu mzima mwenye mambo yake, na hauchekeshi. Macho ya chini yaliyoachana yanampa kitunguu huruma ya kitoto. Mdomo ni uzi mweusi, upana wa singo 3, kati ya mzunguko wa 7 na wa 8, ncha zake zikiinamia chini. Nyusi ndizo zinazokamilisha kilio: ncha ya ndani ipande mzunguko wa 12, ya nje ishuke wa 11. Geuza mteremko huo na kitunguu kinakasirika badala ya kulia.

Usipange uso kwa kuangalia mstari wa wima. Singo za mzunguko usiofungwa huegemea kulia kidogo kidogo kwa anayefuma kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kitu kinachoonekana kiko chini ya jicho kwa kuhesabu mishono kinakuwa kimesogea. Choma pini kwanza kila mahali, kiweke mbali kwa urefu wa mkono, ukiangalie, ndipo ubonyeze vishikizo. Kishikizo kikishaingia hakitoki bila kukata jicho. Kwa zawadi ya mtoto chini ya miaka 3 siweki plastiki kabisa. Macho nayadarizi, kwa sababu jicho likichomoka linaweza kumkaba.

Chozi nafuma kwa uzi wa buluu nyepesi: duara la kukaza lenye singo 6, kisha cheni 6, na ncha ya cheni inashonwa chini ya jicho moja. Moja tu, kubwa, linaloning'inia na kuyumba kitunguu kikisukumwa. Machozi mawili madogo yaliyoshonwa kubana yanaonekana kama madoa. Mizizi ni vipande 6 vya uzi wa rangi ya maziwa vilivyopitishwa kwenye lile tundu la chini na kufungwa fundo kwa ndani, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya kujaza. Mwisho pitisha uzi wa waridi kutoka shingoni hadi mizizini, mistari sita, ukivuta kidogo ili ngozi iingie ndani. Hapo ndipo mpira wa zambarau unapogeuka kitunguu.

Pilipili ni ya haraka na ndiyo ninayouza zaidi, kama kishikio cha funguo. Sindano ya 2.5, uzi mwekundu, kuanzia nchani. Duara la kukaza lenye singo 4; mzunguko wa 2, singo 4. Wa 3, ongeza mara mbili upate 6. Wa 4, singo 6. Wa 5, upate 8. Wa 6 na 7, singo 8. Wa 8, upate 10. Wa 9 hadi 11 ndipo inapopinda: fuma singo 5 za kawaida na nusu dabo 5, yaani unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia, kisha unavuta kupitia vitanzi vitatu kwa pamoja. Upande wa nusu dabo ni mrefu zaidi, hivyo pilipili inainamia upande wa singo. Wa 12, upate 12. Wa 13 hadi 17, singo 12. Wa 18, punguza mara sita, funga.

Jaza kila baada ya mizunguko minne kwa kijiti. Ukisubiri mwisho, pamba haifiki nchani na mkia unabaki umenywea. Macho ni ya milimita 6, kati ya mzunguko wa 14 na wa 15, yakiachana singo 3, nayo yaingie kabla ya mzunguko wa 16. Nyusi nene za uzi mweusi, ncha ya nje mzunguko wa 17, ya ndani ikigusa jicho. Kofia ya kijani ni singo 6, kisha 12, kisha 12 tena bila kuongeza. Kikonyo ni cheni 5 zinazopita katikati yake na kushikwa na pete ya funguo. Shona kikonyo hadi ndani ya mwili wa pilipili, si kwenye kofia peke yake, maana funguo zina uzito na kofia itang'oka.

Kuhusu bei, pima bunda kwa mizani ya jikoni kabla na baada ya kufuma. Kitunguu kwangu kinakula gramu 15 hivi, pilipili gramu 5. Tuseme bunda la gramu 100 ni shilingi 5,000: uzi wa kitunguu ni 750. Weka pamba 200, macho 300, na saa 3 za kazi kwa 2,500 kila saa, yaani 7,500. Jumla 8,750, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya uzi unaokatwa na sindano zinazovunjika, upate 9,625. Nauza 10,000, na usafirishaji mteja analipa pembeni. Ukiondoa saa zako kwenye hesabu utajikuta unauza kwa 2,000, utapata wateja wengi mno, na saa za kutafuta kazi ndizo zitakazoliwa.

Hapo ndipo penye hatari halisi ya shughuli hii. Asubuhi yangu ni ya matangazo ya kazi, barua za maombi, na tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sindano haitoki kwenye mfuko kabla ya mchana. Saa za kufuma nahesabu kwa wiki. Kama ni 12, napokea oda za saa 8 tu. Saa 4 zinazobaki ni akiba, kwa kuwa usaili wa utumishi wa umma unaweza kuwa Dodoma au mkoa mwingine, na siku mbili zikaishia barabarani. Nusu ya malipo inatangulia, na tarehe ninayompa mteja wa kitchen party ni siku tatu kabla ya shughuli yake.

Siku moja kabla ya usaili wa kuandika sifumi. Kidole gumba kilichoshika sindano saa nyingi kinakakamaa, na karatasi ya mtihani inahitaji mkono uleule. Siku za kawaida napumzika kila nusu saa, na mpini mwembamba wa chuma nimeuzungushia raba.

Daftari la oda lina safu tano: tarehe, bidhaa, gramu, saa, pesa iliyoingia. Mwanzoni ni la hesabu tu, lakini linajibu pia lile swali la kwenye usaili, umekuwa ukifanya nini tangu umalize masomo. Kwenye wasifu wangu siandiki "napenda kufuma". Naandika kwamba natengeneza na kuuza bidhaa za mikono, napanga gharama, napokea oda na kufuatilia malipo, kisha naweka idadi ya oda za miezi sita iliyopita kutoka kwenye safu hizo. Anayenisaili akitaka maelezo, namweleza nilivyofikia bei ya kitunguu kimoja, gramu kwa gramu. Kazi ya ofisi ya hesabu, stoo au mauzo inatumia fikra hiyohiyo.

Kila zawadi inatoka na kikaratasi: ifuliwe kwa mkono kwa maji ya baridi, ikamuliwe ndani ya taulo bila kusokotwa, ianikwe kivulini, isipigwe pasi, kwa sababu akriliki ikipata joto la pasi inalegea na hairudi. Uzi mwekundu naujaribu kabla ya kuanza, kwa kuloweka kipande pamoja na kitambaa cheupe. Ukitoa rangi, hautumiki kwenye pilipili inayokwenda kuning'inia kwenye mkoba wa mtu.