“Ego” ya yule mama

Mei 2015 meli ya MV Liemba ilikuwa ikishusha Kigoma wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji cha mpakani, nasi tukiwapokea Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia. Mimi Mha, na Kirundi nakisikia kwa kuwa ni ndugu wa Kiha, basi nikapewa kazi ya kuwatafsiria wauguzi.

Mama mmoja alibeba mtoto wa mwaka mmoja hivi. Muuguzi, mtu wa Tanga, akamweleza ORS, unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini mwa anayeharisha: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, koroga mpaka iyeyuke yote, kila mara mtoto akiharisha, mpe robo hadi nusu kikombe, akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kwa kijiko taratibu. Kila nilipotafsiri, mama aliitikia “ego”, macho chini. Muuguzi akaninong’oneza: huyu hasikilizi, hata kunitazama hataki. Nikamwambia hiyo ni heshima, huku kwetu mkubwa hakodolewi macho. Hapo sikukosea. Nilikosea kuichukua “ego” kuwa “nimeelewa”. Ego ni ndiyo, lakini mkubwa akiwa bado anaongea ni kama “naam”: nakusikia, endelea.

Nusu saa baadaye nikamkuta amemimina pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita. Nilitamka “lita” bila kuonyesha chombo, na chupa aliyokuwa nayo ni hiyo moja. Mchanganyiko wa namna hiyo una chumvi maradufu. Humzidishia mtoto kiu na unaweza kumdhuru. Mkalimani akitafsiri maneno akaacha vipimo, hajatafsiri kitu. Tukaumwaga. Safari hii nikajaza chupa ile mara mbili ndooni, nikatia pakiti moja. Kisha nikampa pakiti nyingine na ndoo tupu, atengeneze yeye, mimi nitazame. Akapatia.

Likabaki suala la masalio ya mchanganyiko, maana yakipita saa 24 humwagwa. Muuguzi alikuwa amejifunza kwamba ejo ni kesho, akasema, “Ejo, mwaga.” Mama akatazama chini, akanyamaza. Ejo ni kesho, na ni jana vilevile. Kitenzi ndicho kinachoamua. Naje ejo, nilikuja jana. Nzoza ejo, nitakuja kesho. Likiachwa peke yake halina upande. Nikamwonyesha jua: lilipo sasa, likizama, likirudi palepale, mwaga.

Mama akanyoosha mkono juani, akaushusha mpaka chini, akaupandisha tena, kisha akakipindua kikombe.